Kiwanja cha Elias Kwenye Nyota Mbili

Jumatatu, 5 Agosti 2019. Buraza.
Redio imesema kuna nyota mbili ndogo nyekundu, jirani zetu huko juu, zinazungukana. Zina sayari zake pia. Hakuna anayejulikana kukaa huko. Hakuna! Mimi nilirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania nikamkuta mwanamke, Dorotea, amehamia kwenye migomba ya marehemu mume wangu. Shamba likakatwa katikati, mimi huku, yeye kule. Safari hii sichelewi. Mjukuu wangu Elias anataka kuoa. Jumamosi Kasiano, baba wa msichana, anatoka Muyinga kuja kuona binti yake atakaa wapi. Na kwenye nusu yangu pa kujenga hatuna! Nitazishika sayari, kisha nibadilishane na Dorotea. Yeye achukue mbingu, aniachie shamba.

Jumatano, 7 Agosti.
Nimekamua ndizi za pombe. Ardhi isiyonywewa pombe mbele ya mashahidi si yako. Elias anasema, Bibi, nyota zenyewe hazionekani kwa macho. Nikamjibu hata Mungu haonekani, na viwanja vyote ni vyake. Akaenda zake. Mjinga.

Jumamosi, 10 Agosti.
Aibu! Mashahidi wamekuja, Kasiano amekuja, na Dorotea ambaye sikumwita. Nikatangaza sayari zote ni zangu. Adriano, shefu wa kolini, mkuu wa kilima chetu, akauliza mpaka uko wapi. Nikanyoosha kidole juu. Mchana kweupe! Dorotea akavuta mrija, akasema kama nyota ni mbili basi moja yake, maana ndivyo tulivyokatiwa shamba. Adriano akaamua: nusu kwa nusu. Wakacheka mpaka pombe ikawatoka puani. Kasiano hakucheka. Aliuliza binti yake atafika huko kwa basi gani.

Nikashusha kidole. Mimi!

Ndipo Dorotea akafuta mdomo, akamwambia Kasiano kijana atajenga kwenye kona yake yeye, penye parachichi. Eti mtoto hawezi kukosa mke kwa sababu ya bibi mwenye kichwa cha jiwe. Nikamtukana. Kisha nikamwongezea pombe.

Alhamisi, 15 Agosti.
Sikukuu ya Bikira Maria. Dorotea amekwenda kusali Mutoyi. Mimi mgongo unauma. Elias nimemchimbisha msingi hivyo hivyo, Mungu anaelewa. Kijana mnyoofu mno! Anafuata vijiti vya mpaka alivyochomeka Dorotea kama katekisimu. Alipokwenda kunywa maji nikaving'oa, nikavichomeka mbele kidogo, upande wa Dorotea. Kidogo tu. Jiko, chumba cha watoto, na mimi nitalala wapi? Dorotea akiuliza, mbuzi wake ndiye aliyeving'oa.