Umaskini Wetu Haukohoi

Kwa Mkuu wa Ustawi wa Jamii,

Pokea heshima zangu, na samahani kwa mwandiko. Mimi ni fundi viatu wa kibanda cha nyuma ya posta, mume wa mke mmoja na baba wa watoto watatu. Namlalamikia afisa wako, yule mama wa miwani na baiskeli, kwa kuuchafulia jina umaskini wa familia yangu.

1. Alikuja nyumbani kuangalia kikohozi changu. Badala ya kifua, akaangalia ukuta. Akaugusa, akanusa kidole, akaandika: "Chanzo: umaskini." Mheshimiwa, umaskini huu tunaishi nao tangu enzi za marehemu babu, na hakuna jirani aliyewahi kuusikia ukikohoa.

2. Daktari aliniandikia dawa ya maji, mapumziko, na chumba kikavu chenye madirisha mawili. Nikapeleka cheti duka la dawa, nikapewa chupa. Nikamwambia muuzaji, "Dada, bado chumba." Alicheka mpaka akaegemea kabati. Nikamuuliza kama kitaletwa wiki ijayo.

3. Nikapumzika kama nilivyoagizwa. Siku ya tatu sufuria nazo zikapumzika. Mke wangu akauliza: kama mapumziko ni kutwa mara tatu, chakula kitakuwa kutwa mara ngapi?

4. Nikarudi kibandani na kikohozi changu. Wateja wakachukua viatu vyao wakakimbia. Mmoja aliondoka na cha kushoto tu. Nilipomweleza afisa wako, akaongeza mstari: "Chanzo cha umaskini: kikohozi." Aamue basi! Hawa wawili hawawezi kuzaana, kila mmoja akawa baba wa mwenzake. Kwetu hiyo ni aibu.

5. Kwa hiyo naomba ahamishwe. Na kama kuugua ni lazima, nipewe ugonjwa wa mwenye nyumba wangu. Wake daktari anaufuata nyumbani, na dawa yake ni kuacha nyama, dozi ambayo sisi tulishaianza zamani.

Nisalimie ofisi nzima: mlinzi, karani wa dirisha la tatu aliyenituma la nne, na wa la nne aliyenirudisha la tatu.

Wako mtiifu, kwa pumzi iliyobaki,
Fundi Viatu

N.B. Barua imechelewa kwa kuwa tulikuwa tunahama. Yule mama aliwabana watu wako mpaka ofisi yako ikatupatia chumba kikavu, madirisha mawili. Hii wiki ya pili sikohoi, na kibandani kuna foleni. Tafadhali asihamishwe kabla hajamwona dada yangu. Yeye umaskini wake uko magotini.