Msitu Wangu wa Midia

Jumatatu, 2 Agosti 1993. Arua.

Leo nimegundua kazi niliyoumbiwa. Si kuziba pancha.

Alikuja dukani Mzungu wa ndege. Si ndege za injini, za manyoya. Amezunguka Koboko kwa baiskeli ya kukodi na miiba imemaliza tairi zote mbili. Mimi naziba, yeye anasimulia. Anasema kule Midia, karibu na mpaka, kuna msitu kando ya kijito. Miti minene, watu wawili hawaizunguki kwa mikono. Mbega juu, weusi kwa weupe. Haujaharibiwa, alisema, akarudia, karibu alie. Kwao watu wangelipa vizuri sana kulala mahali kama pale, bila umeme, bila redio, bila barabara.

Mimi nalala bila umeme tangu 1979 na hakuna aliyeniambia kwamba ni biashara!

Nitaununua msitu ule. Nitajenga vibanda vya nyasi vya watalii, na kimoja kikubwa cha kwetu, chenye baraza. Driciru atakaa barazani.

Driciru ni mke wangu. Yuko kwa kaka yake, huko Ayivu, tangu Pasaka, na binti yetu Zubeda. Hakuondoka kwa ugomvi. Alisema tu amechoka kulala katikati ya tairi. Siku nitakapokuwa na mlango unaofunguka kwenye udongo, si kwenye kichochoro cha mwenye nyumba, nimwite.

Mlango huo sijawahi kuwa nao. Baba alikuwa askari. Nilizaliwa kambini Jinja, nikakulia kambini, vita vilipokuja nikakimbilia kambini Sudan. Watu wakiniuliza kwetu ni wapi nasema Koboko. Wakiuliza Koboko sehemu gani, naanza kukohoa.

Jumanne, 3 Agosti.

Ocama ananusa kitu. Ocama ni jirani yangu, ana nyumba ya wageni ya vyumba vinne. Ameandika ukutani KIMATAIFA kwa sababu aliwahi kulala pale Mzaire mmoja mwenye homa. Aliuliza kwa nini leo napiga mluzi. Sikumwambia lolote. Nilimwambia tu ni mambo ya watalii, na msitu, na Midia.

Baadaye nilimwona anapaka gari lake grisi. Mwizi wa mawazo!

Alhamisi, 5 Agosti. Midia.

Nimeuona.

Nilishuka Koboko kwenye lori la chumvi, nikatembea. Mihogo, mtama, mihogo, halafu ardhi inainama ghafla na unaingia kwenye ubaridi. Maji yanasikika kabla hayajaonekana. Mbega mmoja aliruka kutoka mti hadi mti na mkia wake mweupe ukabaki machoni mwangu. Nilisimama nikiwa nimevua kofia. Sijui kwa nini niliivua. Nilitaka Driciru awe kando yangu, hata kama angekuwa ananigombeza.

Wenyewe ni ukoo wa Mama Afisa. Mama mzee, mrefu, jembe begani. Nilimsalimu kwa heshima zote nikamwambia nataka kununua.

"Kununua?" Alicheka mpaka akashusha jembe. "Mutu inaweza nunua hii? Nani aliuzia babu yangu?"

Nilimweleza habari za watalii. Akasikiliza vizuri. Akasema: "Mwanangu, kama unataka kukaa, leta bibi, leta jembe. Tutaonyesha wewe mahali. Ukilima, iko yako. Ukitoka, iko yetu. Lakini kuuza hapana."

Nilishukuru. Moyoni nilihuzunika sana. Kitu cha bure kina thamani gani? Halafu kama ni bibi na jembe tu, Ocama ana bibi wawili!

Jumamosi, 7 Agosti. Koboko.

Mungu hamtupi mja wake. Nimekutana na Soro.

Soro ni wakala wa forodha kule Oraba, mpakani, anapitisha malori ya kwenda Kaya, upande wa Sudan. Viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni. Alinikuta kwenye chai, akasikia shida yangu kabla sijamaliza kuieleza. Anasema yeye ni mtu wa ukoo ule ule, Mama Afisa ni kama mama yake. Akina mama hawajui biashara, anasema, mambo ya kuuza huja kwake. Tena kuna tajiri mmoja wa Arua ameshauliza.

Ocama!!

Soro hataki shilingi, shilingi inayeyuka. Anataka mabati.

Mabati yapo. Yako nyuma ya duka langu, yamefunikwa kitenge. Ni ya Driciru, kusema kweli. Aliyanunua moja moja kwa maharage yake, msimu baada ya msimu, kwa ajili ya nyumba ambayo hatujawa nayo. Lakini nyumba bila ardhi ni nini? Namnunulia mahali pa kuwekea mabati.

(Mabati yenyewe hayatakuwapo. Hilo nitalifikiria baadaye.)

Jumanne, 10 Agosti. Midia.

Wangu!

Mabati yaliondoka asubuhi kwenye lori la Soro. Kitenge nilibaki nacho. Kina harufu yake bado, moshi na sabuni ya mche. Nilikikunja nikakiweka chini ya mto wangu.

Kisha tukaja kuweka mipaka. Soro alichagua siku ya soko, Mama Afisa hayupo, ili tusimsumbue. Niliombwa nilete rangi nyekundu. Kila mti mkubwa tuliupiga msalaba mwekundu, mpana, unaoonekana kutoka mbali. Soro alinipa mkono, akawahi Oraba. Ana kazi nyingi.

Mbega walinitazama, halafu wote wakahamia ng'ambo ya kijito. Watazoea.

Nilikaa pale baraza litakapokuwa. Nilikaa mpaka nguo zikalowa umande wa nyasi. Nikajisemea kwa sauti: kwetu ni Midia. Sikukohoa.

Ijumaa, 13 Agosti. Ayivu.

Nilimkuta Driciru shambani, anapalilia mihogo ya kaka yake. Amekonda. Au mimi nimesahau alivyo. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu njiani, ikapotea yote. Nikasema: mlango upo.

Hakuuliza mabati. Aliuliza kama kuna maji karibu. Nikasema maji yanasikika kabla ya kuonekana. Akanawa miguu, akafunga kilemba. Zubeda tulimwacha kwa mjomba wake kwanza.

Juu ya lori bega lake lilikaa kwenye bega langu mpaka Koboko. Barabara ina mashimo mengi. Namshukuru aliyeyaacha.

Jumamosi, 14 Agosti. Midia.

Sijui nianzie wapi.

Tulifika asubuhi. Ukoo mzima ulikuwa msituni, wanaume na wanawake, wameizunguka miti kama watu walio kwenye kilio. Mama Afisa alikuwa amelaza kiganja juu ya msalaba mmoja.

"Nani alipaka miti yetu?"

Nikasema ni mimi, lakini kihalali, nimeuziwa na Soro wa ukoo huu.

Kijana mmoja akatema mate. Mama Afisa akasema Soro alioa binti yao, akamrudisha na mimba. "Hapa hana hata mahali ya kuweka mguu."

Walitaka kunipiga. Nilikuwa tayari kupigwa, ingekuwa nafuu. Kwa sababu Driciru aligeuka, polepole.

"Baba Zubeda. Ulilipa nini?"

Nilitazama juu, kwa mbega. Hawakuwapo.

"Mabati?"

Hakupiga kelele. Alinitazama tu, kama mtu anayetazama basi lililokwisha pita. Halafu akauliza majivu yako wapi. Akapewa. Akachuma majani makavu yanayokwaruza, akapiga magoti mbele ya mti, akaanza kusugua msalaba wangu.

Baadaye Mama Afisa akapiga magoti karibu naye. Kisha wanawake wengine. Tulisugua mpaka jua likashuka. Mimi nilipewa mti mdogo kuliko yote na bado sikuumaliza.

Jumapili, 15 Agosti. Midia.

Soro amevuka mpaka kwenda Kaya na mabati. Walioko Oraba wanasema aliimba akipita.

Asubuhi Mama Afisa alimshika Driciru mkono, wakatembea. Mimi nikafuata nyuma, mbali kidogo, kama mbuzi. Wakafika kwenye mteremko, juu ya kijito. Mama Afisa akachora kwa kisigino: kutoka hapa, mpaka kwenye kichuguu kile. "Hapa yako, binti yangu. Wewe unajua kazi."

Yake! Ni pale pale nilipokaa. Baraza langu!

Driciru anabaki. Atalala kwa Mama Afisa mpaka kibanda kiishe, nyasi zinatosha kuezeka, anasema. Atamleta Zubeda. Nilisimama mbele yake nisijue mikono niiweke wapi. Akasema: "Funga duka. Leta jembe na godoro. Njoo ukae. Mambo mengine yote acha Arua."

Sijawahi kuombwa kitu chepesi hivyo maishani. Nilikubali kabla hajamaliza. Nilitembea hadi Koboko nikilia, na mvua ikanisaidia, hakuna aliyejua.

Jumamosi, 21 Agosti. Arua.

Duka nimefunga. Ocama amechukua chumba, kitakuwa cha tano. Alinipa pole kwa sura ya mtu aliyekula vizuri. Sikujali! Nimenunua jembe jipya, mpini wa mti mgumu. Godoro nimelifunga kamba. Wiki hii yote nimekuwa nikitazama kaskazini kama mtu mwenye shingo mbovu. Nimewaza jinsi anavyofunga kilemba, ncha moja meno yanashika. Nitalima. Sitasema neno watalii mpaka nife.

Kesho lori la asubuhi.

Jumapili, 22 Agosti. Arua, kituo cha malori.

Nilifika mapema. Nikakaa juu ya godoro langu. Kando yangu akakaa mtu mpole, Lokule, mvuvi wa Rhino Camp. Tukaongea kusogeza muda. Ana mashua ya injini. Pale mtoni, anasema, viboko wanalala kama mawe, na jioni tembo hushuka ng'ambo kunywa maji. Hakuna mtu. Hakuna kitu. Haujaharibiwa kabisa.

Nilihisi kofia inataka kujivua yenyewe.

Anatafuta mshirika. Leo leo, maana kesho kuna mwingine. Fedha hataki, mtu muungwana. Godoro, jembe na pampu yangu ya baiskeli vinatosha kabisa.

Utingo wa lori aliita Koboko. Akaita tena. Nikamwambia ngoja, ngoja kidogo, tunamalizia mazungumzo. Lori likaondoka. Nililitazama mpaka kwenye kona, moyo wote ukiwa juu yake.

Lakini fikiria uso wa Driciru nitakapomwambia tuna mashua! Midia nitakwenda Jumatano. Au Ijumaa. Kwanza mashua lazima tuipandishe, maana kwa sasa iko chini ya maji.