Ndizi za Bibi Elinipendo na Farasi Aitwaye Theluji

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Magoti yangu yamekataa kubeba tena mizigo ya wageni mlimani. Si neno. Leo nimepata njia. Mama Mektrida, mwenye farasi sita huku juu ya Shirimatunda, anatafuta mtu wa kutembeza watalii vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba. Kazi ya kukaa! Anayetembea ni farasi.

Nafasi moja, watu wawili. Mwenzangu ni shemeji yangu Filemon, mdogo wake mke wangu Justina. Ametoka Mabogini, ambako maisha yake yote ameswaga maksai kwenye mpunga. Jaribio ni Ijumaa, sikukuu ya Nanenane. Unamtandika farasi mwenyewe, unampanda, unazunguka uwanja mara tatu.

Jioni Justina akauliza imekuwaje. Nikamwambia kazi nimeshapata. Nilimaanisha nitaipata. Naye akatangaza kwenye jumuiya yetu ya Kikatoliki, kwa furaha kabisa. Sasa jumuiya nzima inakuja Ijumaa kunitazama nikiwa kazini. Kwa hiyo lazima niipate.

Jumanne, 5 Agosti

Somo la kwanza. Farasi wa mafunzo anaitwa Theluji, ingawa ni mwekundu kama tofali. Mama Mektrida anasema farasi usimwendee kwa nyuma. Mwendee kwa upande wa bega, ongea naye ajue ulipo. Filemon akaongea naye Kichagga, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji. Mimi nikapita nyuma, nimshtue, aelewe mkubwa ni nani. Alielewa. Paja langu la kushoto lina alama ya kwato.

Baadaye juu ya tandiko. Shusha visigino. Tazama unakokwenda, usitazame masikio ya farasi. Ukivuta hatamu naye akatii, legeza papo hapo, hiyo ndiyo asante yake. Filemon aliandika yote kwenye daftari. Mimi siandiki mambo madogo madogo. Nilivuta tu, sikulegeza, Theluji akarudi kinyumenyume hadi kwenye lundo la samadi. Mama Mektrida akasema nina mikono ya mtu anayevuta ndoo kisimani. Sijajua kama ni sifa.

Jumatano, 6 Agosti

Akili imefanya kazi. Jirani yetu Bibi Elinipendo amevundika ndizi kwenye ghala lake, za kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kipaimara cha mjukuu wake Julius. Nimechukua kichane kimoja. Nimeazima. Nikazificha ndani ya koti, nikawa nampa Theluji moja moja. Basi! Nikienda kushoto, kushoto. Nikisimama, anasimama na pua mfukoni mwangu.

Filemon ameshangaa. Mama Mektrida hakushangaa sana. Alisema farasi anajifunza muda wote, hata yale ambayo hukukusudia kumfundisha, kwa hiyo niangalie ninamfundisha nini. Nikamjibu ninamfundisha upendo. Akanusa koti langu, akaondoka.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya.

Ndizi ziliisha saa nne asubuhi. Nikajiuliza, kwa nini nibebe ndizi ilhali farasi ana miguu? Sisi hapa tumezoea kumkatia ng'ombe majani na kumpelekea bandani, ndiyo maana migongo inatuuma. Nikasema mimi nitaleta mabadiliko. Nikampeleka Theluji hadi ghalani kwa Bibi Elinipendo, nikaingia nichukue kichane. Naye akaingia.

Ghala lina mlango mmoja. Farasi akiwa ndani, mlango hakuna. Nilimvuta, nikamsukuma, nikamwomba. Amekula mkungu mzima na nusu ya wa pili, na uliobaki ameukanyaga. Ndipo Bibi Elinipendo akarudi kutoka mazoezi ya kwaya. Nilimpa shikamoo nikiwa nimebanwa ukutani nyuma ya tumbo la farasi. Akaitikia marahaba. Kisha akauliza wageni wa Julius watakunywa nini. Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuipenda ile sauti, ni afadhali angenitukana.

Mama Mektrida aliogopa Theluji ataumwa tumbo. Filemon akamtembeza polepole mchana kutwa, kila mara anaweka sikio ubavuni mwake asikilize. Mimi nilikuwa na kazi ya kufikiri. Maana Mama Mektrida amesema watalii wake wanapita kwenye vihamba vya watu, na mtu asiyepatana na majirani hamweki juu ya farasi wake. Akaagiza nikamwombe radhi Bibi leo hii.

Isale, basi. Unakata jani, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea. Akilipokea, yameisha, na mtu wa huku si rahisi alikatae. Lakini kwa nini leo, jikoni kwake, wakiniona kuku tu? Kesho, mbele ya jumuiya nzima, nikiwa juu ya farasi! Watalia.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi.

Jumuiya ilifika yote. Bibi Elinipendo ni Mlutheri lakini naye alikuja, akapewa kiti cha plastiki mbele. Filemon akaanza. Raundi tatu, hatamu imelegea, macho mbele. Hakuna hata mtu mmoja aliyesisimka.

Zamu yangu. Mama Mektrida alishatuonya kwamba farasi akifungwa mkanda wa tandiko hutunisha tumbo, kwa hiyo umtembeze hatua kadhaa halafu ukaze tena. Lakini watu walikuwa wakingoja. Nilikaza mara moja, nikapanda, nikaenda moja kwa moja kwa Bibi Elinipendo. Nikainua isale juu. Nikasema mimi Sirili nimekosa. Sauti ilitoka vizuri sana.

Theluji akageuza shingo. Siku mbili nimemfundisha kwamba kilichomo mkononi mwangu ni chake. Akalila jani, fundo na yote, mbele ya macho ya Bibi.

Bibi Elinipendo akasema inaonekana aliyeombwa radhi ni farasi.

Nikainama nimnyang'anye kipande kilichobaki. Tandiko likanifuata. Nikajikuta chini ya tumbo la farasi, mguu mmoja umenasa juu. Mama Mektrida akasema angalau leo kisigino kimoja kimeshuka. Jumuiya ilicheka hadi mwenyekiti wake akakaa kwenye nyasi.

Justina hakucheka. Aliuliza, mbele ya watu, kama hii ndiyo kazi niliyopata. Hapo paliniuma kuliko paja.

Kazi amepewa Filemon. Na jioni huyo huyo Filemon akakata isale nyingine, akanitia mkononi, akanishika kiwiko, tukaenda kwa miguu kwa Bibi Elinipendo. Bibi alilipokea jani. Akasema nitapalilia migomba yake hadi siku ya kipaimara. Tulipotoka nilitaka kumshukuru shemeji, nikaishia kumwambia njia ina matope.

Jumapili, 10 Agosti

Filemon amenisemea kwa Mama Mektrida. Kuanzia kesho nakata majani ya farasi na kuzoa samadi. Justina amecheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Nimekaa nikatafakari kwa makini, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa ndizi. Ndizi zinaisha haraka, na zinanuka kwenye koti. Muwa ni mrefu, unakaa siku nyingi, na ukiufunga kwenye fimbo mbele ya pua ya farasi, huhitaji hatamu, visigino wala Filemon. Ndani ya wiki mbili Mama Mektrida ataona nani hasa anafaa kutembeza watalii.

Miwa mizuri iko nyuma ya migomba ya Bibi Elinipendo. Nimeiona jana nikipalilia.

Nimekata majani matatu ya isale, nimeyafunga mafundo kabisa, nimeyatundika darini, mahali ambapo Theluji hafikii.