Mama wa Ubatizo wa Tangi

Jumatatu, 3 Juni

Abril kaharisha tena. Mwanangu wa miaka miwili, kabaki macho tu. Ni haya maji ya chemchemi: mbuzi wanakunywa upande huu, sisi tunachota upande ule. Lakini Mungu yupo! Shule imemaliza tangi la kukinga mvua ya paa lake, la kijiji kizima. Mwalimu Fidencio kasema litazinduliwa Jumapili. Na hapa kwetu hakuna kitu kisicho na mama wa ubatizo, hata trekta la Don Eleuterio linaye. Mama wa ubatizo wa tangi ndiye atakayechota ndoo ya kwanza. Ndoo hiyo ni ya Abril. Nimeapa.

Tatizo: Komadre Hermelinda. Yeye ndiye aliyemsimamia Abril ubatizoni, ndiyo maana tunaitana Komadre, na sasa anataka alisimamie na tangi!

Jumanne, 4

Mpango! Nimeeneza chemchemini kwamba Jumapili Komadre atakuwa mjini Puebla kwa dada yake. Kimya kimya, kwa watu watatu tu.

Jioni, hodi. Komadre, mikono kiunoni. Anauliza nani kamkatia tiketi, maana yeye hata nguo hajafunga. Nikasema watu wana midomo. Akasema ndiyo, na mmoja umepakwa rangi.

(Nilikuwa nimepaka.)

Alhamisi, 6

Leo tekio: kijiji kizima tumetoka kuchimba mtaro wa tangi, bure kama kawaida yetu. Nikajitolea kupika. Nimemchinja bata mzinga wetu wa pekee, nikamzamisha kwenye mole, mchuzi wetu mzito wa pilipili na kakao. Cosme, mume wangu, kala huku analia. Eti bata yule alikuwa anamsikiliza kuliko mimi. Watu wakalamba vidole, wakapiga kura ya mama wa ubatizo. Nimeshinda!!! Komadre kanipongeza huku kauma meno.

Jumapili, 9

Mwalimu kaniambia: kata utepe, fungua bomba, basi. Maji yamejaa, yamepimwa, ni safi.

Utepe? Ubatizo gani huo! Nilikuwa nimeficha kwenye shali chupa nzima ya maji ya baraka ya kanisani. Nikapanda ngazi, nikafunua kifuniko, nikamimina yote. Na maua juu. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akapiga yowe.

Akauliza maji hayo ya kanisani huchotwa wapi. Mtunza kanisa akajibu, tena kwa fahari: chemchemini.

Bomba halikufunguliwa. Wanafunzi wakachukua maji kidogo kwenye kichupa chao cha kupimia. Yakigeuka meusi, hayafai.

Jumanne, 11

Meusi. Kama kahawa.

Maji yote yamemwagwa. Nimemchemshia Abril ya chemchemi mpaka kuni zikaisha. Komadre kasema mbele za watu kwamba nimelibatiza tangi kwa jina la Kuhara. Nimelia, ila si kwa sababu yake.

Halafu, mtoto akiugua, mama wa ubatizo humuuguza. Kwa hiyo nani katumbukizwa tangini na brashi na sabuni? Nasugua, nasugua, mara nasikia brashi ya pili. Komadre! Akasema sogea, Komadre, unasugua kama unambembeleza paka. Akasema Abril ni wake pia. Tukaimba. Ndani ya tangi hata mimi nina sauti.

Jumapili, 16

Mvua! Ya kwanza ikaosha paa, zilizofuata zikajaza tangi. Maji ya kichupa hayakugeuka meusi. Nikachota ndoo ya kwanza, Komadre akashika kikombe, Abril akanywa chote akadai kingine. Nilikuwa namtazama koo tu, linavyopanda na kushuka. Sijaona kitu kizuri kama kile.

Mwalimu katangaza kwamba shule itajenga tangi la pili, karibu na zahanati. Komadre tayari ananenepesha bata mzinga wake.

Lakini mimi safari hii nimejifunza. Simimini kitu, hata tone! Nitadumbukiza tu msalaba wa chuma wa marehemu bibi. Una kutu kidogo, nitaufuta kwa shali.

Na nimeshawaambia watu watatu, kimya kimya, kwamba Komadre anahamia Puebla.