Uthmani Mchinjaji na Vita vya Arobazi

Sogeeni karibu, enyi watu wa Gitega, nanyi mlioshuka kutoka Muyinga mkiwa na vumbi la Karusi magotini. Wekeni chini vikapu, zimeni redio, kwa maana tendo ninalowasimulia halikufanywa na wafalme waliopigiwa ngoma, wala na majemadari wa msituni waliojitangazia ushindi kila wiki. Lilifanywa na mtu mmoja, akiwa ameketi juu ya kiti cha plastiki, kwa vidole viwili.

Ulikuwa mwaka wa kumi wa vita. Barabara ya Muyinga ilifunguliwa asubuhi na kufungwa mchana, kwa kadiri bunduki zilivyoamua. Waya za simu zilikuwa zimekatwa na kufuliwa bangili. Simu za mkononi walikuwa nazo wakubwa, nao waliziweka mezani zionekane tu, maana huko kaskazini hazikushika. Katika hali hiyo ndipo Maendeleo yalipoingia Gitega, yamepakiwa nyuma ya pikapu: sahani moja kubwa ya kuelekezwa mbinguni, na kompyuta moja. Baadaye ikaletwa ya pili. Hapo akaja mheshimiwa kutoka Bujumbura, akakata utepe, akautangazia umati kwamba matumizi ya intaneti mkoani yamekua kwa asilimia mia katika muda usiotimia mwaka. Hakusema uongo. Moja ilikuwa imekuwa mbili. Hiyo ya pili haikuwa na kipanya, lakini asilimia haina haja ya kipanya. Watoto wa shule walipiga makofi, wakapewa Fanta, na mheshimiwa akaondoka mapema, kwani hata Maendeleo hayakupenda kukutwa njiani na giza.

Katika kiti cha mbele siku ile aliketi Uthmani, mchinjaji wa soko, Mwangusha Mafahali, Bwana wa Shoka, mwenye viganja vipana kama sinia za pilau na sauti ya kufukuza mbwa mitaa miwili mbali. Jirani alipomuuliza kile chombo ni cha nini, Uthmani hakutaka kuonekana mgeni wa jambo lolote lililo chini ya jua.

“Hiyo kitu mi naijua tangu zamani,” alisema. “Mi naongeaka na watu wa Dubai humo.”

Hakuwa na mtu Dubai. Hakuwa amegusa kompyuta hata kwa kuipangusa vumbi. Lakini neno lilikwisha kutoka, likazunguka mtaa mzima wa Waswahili, na jioni wanaume walimsogezea kiti.

Sasa jueni kwamba Uthmani na mkewe Salama walikuwa na binti mmoja, Amisa, aliyeolewa Muyinga na Hamadi, mfanyabiashara wa kupeleka maharage mpakani na kurudi na sabuni za Tanzania. Amisa alikuwa na mimba iliyokaribia kutimia. Mimba yake ya kwanza iliharibika kando ya barabara, gari lililokuwa likimpeleka hospitali liliposimamishwa na watu wenye silaha wakalipekua bila haraka. Kwa sababu hiyo Salama alikuwa ameacha kulala vizuri. Kisha zikaja habari kwamba kumepigwa risasi upande wa Muyinga, na baada ya habari hizo hakuja mtu wala gari.

Salama akaenda buchani. Ukutani, kando ya bei ya maini, Hamadi alikuwa ameandika kwa mkaa anwani yake ya intaneti alipokuja mara ya mwisho, kwani Muyinga nako kulikuwa na sahani na kompyuta, kwenye ofisi ya wafadhili fulani, na Hamadi naye alipenda kujionyesha.

“Baba Amisa,” Salama alisema, “we ulisema unaongeaka na Dubai. Dubai ni mbali. Muyinga ni hapa tu. Uliza mtoto wetu kama iko mzima.”

Wateja wawili walikuwa wakisikiliza. Uthmani akaliweka shoka juu ya gogo, akanyoosha mgongo, akahutubia.

“Mama Amisa, usitie shaka. Kesho, jua likiwa bado changa, mi nitaenda pale, nitakaa, nitaita Muyinga, na Muyinga itaitika. Hiyo mashini na mimi tunajuana.”

Asubuhi yake shujaa alijivika silaha: kanzu ya Idi, kofia iliyotariziwa, viatu vinavyobana. Anwani ya mkwewe aliinakili kwa kalamu ya bic katika kiganja cha kushoto, na kiganja kile kingeweza kubeba anwani za mkoa mzima. Alipita sokoni polepole ili aonekane.

Mlinzi wa ngome ile, yaani chumba cha kompyuta ambacho watu walikiita siber, alikuwa Mushagalusa, kijana aliyekimbia vita vya kwao Kivu akaja kukutana na vya kwetu. Aliuza viatu vya mtumba kabla ya kukabidhiwa kompyuta. Alimkaribisha Uthmani kwa adabu, akamweka mbele ya ile yenye kipanya, akamfungulia ukurasa.

“Papa, sanduku la barua la siber iko wazi. We andika tu anwani ya huyo mtu hapa, na maneno yako hapa chini. Nikusaidie?”

“Dubai nani ananisaidiaka?” aliuliza Uthmani.

Vita vikaanza. Kidole cha Mwangusha Mafahali kilipoishukia H, kiliiangukia pamoja na jirani zake G na J, zikatoka zote tatu kama ng'ombe waliovunja zizi. Akafuta, akarudia, na jasho likapenya kofia. Nyuma yake foleni ilirefuka. Mbele kabisa ya foleni alikuwepo Espérance, mwalimu wa shule ya Mushasha, aliyekuja kuulizia nafasi ya masomo nje, naye alitazama saa yake kwa subira ya mtu aliyezoea darasa la watoto sabini.

Hatimaye jina la Hamadi likasimama limetimia, na hapo ndipo adui mwenyewe alipojitokeza. Ilikuwa ile alama iliyo katikati ya kila anwani, herufi a iliyojizungusha mkia kama nyoka aliyeshiba, ambayo wasomi waliiita arobazi. Uthmani aliitafuta juu na chini ya kibao kile cha vitufe cha Kifaransa, akaiona imejibanza kwenye kona ya kitufe cha sifuri, ikiishi chumba kimoja na sifuri yenyewe pamoja na a yenye kofia. Akabonyeza. Ikatoka a yenye kofia. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba anavunja paja la fahali. Zikatoka tano, zote zimevaa kofia. Akaona kofia si kasoro kubwa, naye mwenyewe alikuwa nayo, basi akaituma barua vilevile. Kompyuta ikamjibu kwa Kifaransa kwamba anwani hiyo haipo duniani.

“Mashini yako iko mbovu,” Uthmani alimwambia Mushagalusa.

“Papa, hapo iko namna ya...”

Umeme ukakatika. Sijapata kuona mtu aliyefurahia giza vile. Uthmani aliinuka, akajipangusa uso, akatoka kifua mbele, na alipofika nyumbani akamwambia mkewe kwamba ujumbe umeshika njia.

Salama aliamini. Huo ndio ubaya wa hadithi hii, wala siupambi. Siku iliyofuata aliuliza kama Muyinga imejibu. Uthmani akasema bado, huko watu wako kazini. Kesho yake akasema mawingu ni mazito. Salama akaacha kuuliza, akaanza kuhesabu tasbihi mlangoni huku chai ikipoa mbele yake.

Kisha likaja lori kutoka upande wa Karusi, njia ya Muyinga, limebeba majeruhi waliofunikwa turubai, likasimama karibu na soko dereva apate maji ya rejeta. Uthmani, aliyekuwa akikata nyama, alimwona mkewe akilikimbilia. Alimwona akikanyaga gurudumu, akipanda, akiinua ncha ya turubai, akitazama uso mmoja, akaomba radhi, akatazama mwingine. Alipomaliza alishuka. Hakulia. Alimpita mumewe bila kumtazama, akarudi nyumbani.

Bwana wa Shoka akaliacha shoka ndani ya mfupa. Hakuvaa kanzu wala kofia. Alikwenda siber na aproni yenye damu, na foleni ikampisha yenyewe. Alisimama mbele ya Mushagalusa, mbele ya mwalimu Espérance, mbele ya wanaume waliokuwa wakimsogezea kiti, akafanya lile ambalo majemadari wote wa nchi hii, wa mjini na wa msituni, walikuwa wameshindwa kulifanya kwa miaka kumi.

“Sijui,” alisema. “Mi sijui hii kitu. Dubai sina mtu. Nionyesheni ile alama.”

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Espérance, aliyekuwa amekaa kwenye kompyuta yenye kipanya, alihama akampa kiti.

“Bon,” alisema Mushagalusa kwa upole. “Hii kitufe unaishikilia kwanza, usiiachie. Sasa gonga sifuri. Mbili pamoja, papa. Vidole vyako vinaweza.”

Uthmani akashikilia, akagonga, na arobazi ikatoka tunduni mwake, ikalala katikati ya anwani, imeshindwa. Chini yake akaandika maneno mawili tu, bila alama ya kuuliza kwa sababu hakuwa na moyo wa kuanza vita vingine: AMISA UKO. Mushagalusa akatuma. Safari hii kompyuta haikubisha.

Jioni alimweleza Salama kila kitu, na yale aliyojibiwa sitayasema, maana mengine hayafai kutolewa nje ya nyumba.

Siku kadhaa zikapita, za umeme kukatika na kurudi. Kisha Mushagalusa akaonekana anakuja mbio kati ya meza za nyanya, na mtaa ukamfuata Uthmani na Salama mpaka siber. Mashine ya kuchapa haikuwa na wino, kwa hiyo watu walijipanga wasome kwenye kioo. Espérance alisoma kwa sauti kwa ajili ya walio nyuma wasioona. Jibu la Muyinga lilikuwa hivi: Niko. Tuko wawili.

Salama, aliyekwisha kuwa bibi, akaweka kiganja juu ya kioo, akakiacha hapo, na Mushagalusa, aliyekuwa mkali sana juu ya vidole kwenye kioo, akatazama pembeni.

Siku hiyo buchani waligawa maini bure. Ripoti iliyopelekwa Bujumbura ilisema matumizi yanaendelea kukua, na nadhani mheshimiwa akakata utepe mwingine mahali fulani. Watu wa mtaa ule hawakuisoma. Wao wakitaja wakati ule husema mwaka Uthmani alipoishinda arobazi, na Uthmani huitikia kwa kichwa kama jemadari mstaafu. Salama peke yake huuita mwaka Amisa alipojibu.