Printa Haina Dereva

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeiingiza ofisi katika enzi mpya. Kompyuta yetu nimeiondolea mfumo wake wa zamani, sasa inatumia Linux. Ni ya bure, haijui virusi, haizeeki. Hayo nimeyasikia kwa jirani yangu, na jirani yangu huwa hasemi asilolijua, isipokuwa kuhusu soka.

Niweke mambo wazi, maana shajara isiyosema ukweli ni ya nini? Mimi ni karani wa chuo cha udereva. Nakaa koridoni, kati ya mlango wa choo na pipa la maji. Kuna chumba chenye dirisha, zamani kilikuwa stoo ya matairi mabovu. Kimesafishwa, na Mama Mkurugenzi hajasema atampa nani. Mwalimu wetu wa magari, tunayemwita Klachi, anakitaka apate pa kulala mchana. Mimi nakitaka kwa kazi. Hesabu yangu ni hii: ofisi ikiwa na kompyuta ambayo hakuna anayeielewa ila mimi, itabidi mimi niitwe Mkuu wa Kompyuta. Na mkuu hakai karibu na choo.

Nikaanza na kibao cha mlango. MKUU WA KOMPYUTA. PIGA HODI. Herufi kubwa, ukurasa mzima. Nikatuma kwenye printa. Ikaanza kunguruma, na papo hapo nikasikia viatu vya Mkurugenzi. Nikabonyeza kitu cha kwanza nilichokiona kimeandikwa "simamisha". Ikanyamaza. Hakuona kitu. Akili ni mali.

Akaniuliza diski C imekwenda wapi, maana mafaili yake huyaweka C. Nikamweleza kwa upole kwamba Linux haina C, kila kitu kiko chini ya mkwaju. Akatazama uani. Nikamwambia si mti, ni ule mstari ulioinama. Akasema hana haja ya mti wala mstari, anachotaka ni vyeti vya wahitimu viwe vimechapwa kufikia Ijumaa. Nikasema hilo ni dogo.

Jumanne, 4 Machi

Si dogo.

Wayafai haipo. Sisemi ni dhaifu, nasema haipo. Kompyuta inadai haina kifaa hicho, na kifaa kimo tumboni mwake tangu ilipotoka dukani. Nimesoma kwenye simu yangu: kinakosa dereva. Kumbe dereva ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kukitumia kifaa. Bila dereva, kifaa ni gari lililoegeshwa tu. Dereva wa wayafai anapatikana bure mtandaoni. Mtandao unapatikana kwa wayafai. Wayafai inataka dereva. Nani alibuni mateso haya? Ni sawa na kufungia funguo ndani ya gari, jambo ambalo Klachi hulifanya mara kwa mara na bado anaitwa mwalimu.

Nikajaribu kurekebisha mipangilio. Ikataka nywila. Nikaandika. Hakikutokea kitu kwenye skrini, hata nukta. Nikaandika kwa nguvu zaidi. Nikahitimisha kwamba kibodi imekufa, nikaleta ya mapokezi. Nayo imekufa. Nikaazima ya duka la picha la jirani. Nayo! Nikaanza kuhisi nina mkosi wa vidole.

Nikauliza kwenye jukwaa la watumiaji wa Linux. Akanijibu mtu anayejiita Kobe. Anasema nywila huwa haionekani hapo inapoandikwa, ni kwa ajili ya usalama, niandike tu mpaka mwisho. Usalama gani wa kumficha mtu nywila yake mwenyewe? Nikaandika, ikakubali. Kibodi za watu nimezirudisha kimyakimya.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe. Huyu naye ni mhitimu wetu. Ni mjane, ameshona nguo za watu maisha yake yote mpaka macho yakagoma kuona tundu la sindano. Barabarani anaona vizuri. Akajifunza gari ukubwani, akafaulu mtihani mara ya kwanza, tofauti na mkwewe ambaye hatutamtaja. Shule ya chekechea imemkubali aendeshe gari la watoto. Sharti ni moja: Jumamosi asubuhi apeleke cheti, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Akaniuliza, kwa ile adabu yake inayomfanya mtu ajisikie mdogo, kama cheti kiko njiani. Nikamwambia mama, lala usingizi, kiko mikononi mwangu.

Mke wangu akakohoa. Kikohozi hicho nakijua, hakina dawa.

Jumatano, 5 Machi

Wayafai imeshindwa! Yaani mimi nimeshinda. Kobe alinishauri nichomeke simu kwenye kompyuta kwa kebo, kompyuta itumie mtandao wa simu, nimpakue dereva, basi. Ikawa hivyo. Nilikasirika sana kwamba ni rahisi namna ile.

Nikageukia printa. Sikuanza na vyeti. Vyeti ni vya heshima, havijaribiwi jaribiwi. Nikaanza na kibao changu. Nikabonyeza chapa. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Kila nikibonyeza, kikaratasi cha njano kinachomoza pembeni mwa skrini na maneno yake mengi. Matangazo hayo, yameanza kutuandama hata huku. Nakifunga kabla hakijaniudhi.

Mtu aliyekwisha kushinda wayafai hahitaji kuelezwa ugonjwa. Nikaenda kwa Mkurugenzi, kwa bahati mbaya Klachi alikuwamo, nikatangaza kwamba printa haina dereva.

Kosa. Maneno hayo hayasemwi ndani ya chuo cha udereva. Mkurugenzi akavua miwani. Akasema kwamba kwa anavyojua yeye, chini ya paa hili kila kitu kimepungua isipokuwa madereva. Akauliza printa inahitaji leseni ya daraja gani. Nikaanza kufafanua, akaniinulia kiganja. Akamgeukia Klachi, akamwambia kuanzia leo yeye ndiye dereva wa printa, na mtu asiiguse bila ruhusa yake. Klachi akasema ahsante mama, kwa sauti ya mtu anayeapishwa.

Nimeleta Linux ili kipatikane cheo. Kimepatikana. Amepewa Klachi.

Alhamisi, 6 Machi

Dereva wa printa amehamishia kiti chake kando ya printa. Anaifuta kwa kitambaa cha vioo vya gari. Ameniambia nipunguze kubonyeza, injini baridi haichokozwi. Akienda barabarani na wanafunzi, naruka kwenye kompyuta na kufanya kazi yangu. Nimemwondoa dereva wa printa, yule wa ndani ya kompyuta, nikamrudisha. Nikamleta dereva wa printa nyingine ya ukoo huohuo. Nikaleta na binamu yake. Kwa sasa printa hii ina madereva wengi kuliko chuo. Kimya.

Nikawaza labda inadharau kuchapa nakala moja. Nikaandika nakala hamsini. Kimya. Nikazima kompyuta, nikawasha, nikaandika tena hamsini. Kikaratasi cha njano tu. Nakifunga.

Kobe ananiuliza skrini inasemaje. Nikamwandikia historia yote tangu Jumatatu, pamoja na tabia za Klachi. Akajibu: sawa, lakini skrini inasemaje? Huyu si kobe, ni kasuku. Nikamwambia ningekuwa na muda wa kusoma skrini nisingekuja kumuuliza yeye.

Jioni mama mkwe alikuwa amemaliza kushona sare yake mwenyewe. Sketi ya buluu na koti lenye mfuko wa filimbi. Mke wangu ndiye aliyemtungia uzi. Akaivaa, akazunguka polepole sebuleni ili tumwone. Akasema tangu baba mkwe aondoke, kila asubuhi huamka akakaa kitandani akijiuliza ameamkia nini, na sasa atakuwa na watoto wanaomsubiri getini. Kisha akaniangalia akatabasamu. Niliona aibu, na sina sababu ya kuificha hapa. Nikasema naenda kukagua kebo. Nyumbani kwangu hakuna kebo.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi Mkurugenzi aliuliza vyeti. Klachi akajibu kabla yangu kwamba gari liko tayari kwa safari. Alikuwa amechukua karatasi zote za vyeti, zile nene zenye ukingo wa dhahabu upande mmoja, akazijaza kwenye printa mpaka juu. Anasema dereva mzuri hujaza tangi kabla ya kuondoka. Kabatini hakubaki hata moja.

Hadi saa za chakula nilikuwa sina ujanja uliobaki. Nilimfikiria mama mkwe na ile sketi. Nikamwandikia Kobe kwamba nimeshindwa. Akajibu: ndugu yangu, nisomee hicho kikaratasi neno kwa neno. Kwa hasira, na ili kumkomesha tu, nikaacha kikaratasi cha njano kichomoze, nikakisoma.

"Printa imesimamishwa na mtumiaji. Bofya hapa iendelee."

Nikajiuliza mtumiaji ni nani. Nikaikumbuka Jumatatu. Nikatazama huku na huku, nikabofya.

Ee Mungu wangu. Printa ikaamka kama mtu aliyenyimwa kusema wiki nzima. Kibao. Kibao. Kibao. MKUU WA KOMPYUTA, PIGA HODI, katikati ya ukingo wa dhahabu. Kumbe kila nilichokuwa nikikiagiza ilikiandika moyoni na kukiweka kwenye foleni. Nikaruka kuchomoa waya wa umeme, Klachi akanidaka mkono. Akasema chombo kikiwa mwendoni hakizimwi, ni somo la kwanza. Nikamwambia aniachie, akasema yeye ndiye dereva. Tulivutana hadi karatasi ya mwisho ikatoka.

Mkurugenzi akaja aliposikia kelele. Akaokota kimoja, akakisoma. Akaokota kingine, akakisoma hicho nacho, sijui alitarajia nini. Kisha akakigeuza, akasema nyuma ni kweupe.

Kwa hiyo vyeti vimechapwa mgongoni. Kibao changu kimepata dhahabu, wahitimu wamepata upande wa pili. Amevitia saini na muhuri bila kunitazama. Alipomaliza akatangaza kwamba printa inahamia chumba chenye dirisha, mahali penye usalama, pamoja na dereva wake. Nikauliza na mimi je? Akasema pipa la maji linavuja, nilitazame.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe alikipokea cheti kwa mikono miwili. Akakigeuza. Akaniuliza Mkuu wa Kompyuta ni nani. Nikamwambia ni alama ya usalama ya chuo, ya kuzuia watu kughushi. Akasema ahaa. Mke wangu akatoka nje kabisa, na kikohozi chake.

Akaenda chekechea na sare yake. Tulisubiri sana. Mimi sikukaa. Nilijiambia wakimkatalia, nitahama nyumba kabla hajarudi.

Amerudi anacheka. Mwalimu mkuu wa chekechea alikisoma cheti, akaridhika, kisha akakigeuza. Akauliza: mama, kumbe na kompyuta unazijua? Mama mkwe hasemi uongo. Akasema kompyuta hazijui, hiyo aliambiwa na mkwewe kwamba ni alama ya chuo. Mwalimu mkuu akasema basi alama hiyo imekuja kwa wakati, kwa sababu wana kompyuta ambayo watu wote wanaiogopa. Hivyo asubuhi atawachukua watoto, jioni atawarudisha, na mchana atakaa na kompyuta, ajifunze taratibu. Wamempa chumba.

Nikauliza kwa sauti ya kawaida chumba hicho kikoje. Akasema ni kizuri tu mwanangu, kina madirisha mawili.

Nilifurahi. Kweli nilifurahi, mpaka nikakaa chini. Akaniombea dua ndefu, akasema yote haya ni kwa sababu yangu. Lakini madirisha mawili? Mtu mmoja anayatumiaje?

Jumatatu, 10 Machi

Koridoni. Pipa bado linavuja. Klachi analala kando ya printa, anakoroma kwa gia ya kwanza.

Mama mkwe amenipigia simu kutoka kazini kwake. Watoto wamempenda, wanagombania kukaa nyuma yake. Kompyuta tu ndiyo inakwenda polepole, na skrini inamwambia diski imejaa, afute mafaili asiyoyahitaji. Anauliza kama afanye hivyo.

Nilicheka, kwa heshima. Nikamwambia mama, hayo usiyasome, ni matangazo. Usiguse chochote, Jumamosi nakuja mwenyewe na Linux. Akashukuru. Hajui, ila Linux ikishaingia itabidi pawepo mtaalamu wa kuisimamia, na chumba cha madirisha mawili kinawatosha watu wawili.

Kibao kipya nimekwisha kukiandika: MSHAURI MKUU WA KOMPYUTA. Kwa mlango ulio wazi namwona Klachi amegeukia ukutani, nami nimetuma kwenye printa. Imenguruma. Akajigeuza! Nikabonyeza nilichokiona kwanza. Akaendelea kukoroma. Nikatuma upya. Kimya. Kikaratasi cha njano kimechomoza na maneno yake, nimekifunga.

Bila shaka ni dereva. Safari hii nimeandika nakala mia.