Mtoto wa Idwal na Raga ya Kaskazini

Jumatatu, 3 Februari 1964. Cwmhelyg.

Naandika mlango nimeufunga na kiti nimekiegemeza. Leo nimeongea na Mtu wa Kaskazini!

Anaitwa Bwana Ackroyd. Nilimkuta kwenye mgahawa wa Mwitaliano, meza ya nyuma kabisa, kofia imeshuka hadi puani. Akaniagizia chai bila kunitazama. Klabu yake ya Harthwaite, kule Uingereza ya kaskazini wanakocheza raga ya watu kumi na watatu na kulipwa mshahara, inataka kunijaribu Jumamosi. Mechi moja tu. Nikiwapendeza, mkataba. Jina langu halitaonekana popote. Kwenye karatasi ya timu nitaandikwa Fulani. Ndivyo wanavyowaandika vijana wetu wote wanaokwenda kujaribiwa, maana raga yetu ya watu kumi na tano haina mshahara, na ukiigusa tu ile nyingine unafungiwa maisha.

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Kisha nikaenda chooni nikaitapika chai yote.

Chama cha raga sikiogopi sana. Namwogopa Baba. Baba ni Idwal Probert. Hakuna baa kwenye bonde hili isiyo na picha yake akichezea taifa letu, amewaacha Waingereza watano wamelala kwenye tope naye anakwenda kufunga. Mimi nina miaka ishirini na mitatu na wanaoniita Emrys ni Mama na daktari wa meno. Wengine wote: mtoto wa Idwal. Nikifunga, damu ya Idwal hiyo! Nikidondosha mpira, maskini Idwal. Nimechoka. Nataka mahali pamoja tu duniani ambapo nikianguka naanguka mimi.

Lakini Baba ndiye mwenyekiti wa klabu. Anayekwenda Kaskazini, picha yake klabuni inageuzwa, uso ukutani. Ziko nne. Hopkin, aliyerudi na goti bovu, bia yake anapewa dirishani na kuinywa nje, hata kukinyesha. Baba alimsimamia Hopkin harusi. Sasa anampita kama nguzo. Rafiki yake wa utotoni kabisa! Mimi atanifanya nini?

Jumanne, 4 Februari

Mpango: kuumia paja, ili Jumamosi nisichaguliwe. Nimeingia jikoni nikichechemea. Nimechechemea vizuri sana.

Baba akaniambia nilale kifudifudi. Akaleta dawa ya kuchulia farasi wa mgodini. Yallah! Sikuhitaji kuigiza tena, nimelia machozi ya kweli. Akaniuliza sasa je. Nikasema bado. Akamimina tena. Nikaona hapa nitachunwa ngozi, nikabuni haraka kwamba kuna mtaalamu wa mifupa huko Shrewsbury, anapatikana Jumamosi tu. Baba akasema vyema, atanisindikiza.

Nilihisi moyo umeacha kazi. Mama ndiye aliyeniokoa. Alisema bila kuinua macho kwenye viazi vyake kwamba mwenyekiti hawezi kukosa mechi ya nyumbani kwa ajili ya paja. Baba akakubali kwa shingo upande.

Jioni akaja Cledwyn Mort. Huyu anaimezea mate namba yangu tangu tukiwa shule. Kaja na keki ya mama yake na uso wa matanga. Pole ndugu yangu, pole sana, na treni yako ni ya saa ngapi? Anataka kunibebea begi hadi stesheni. Nani amewahi kumwona Cledwyn akibeba begi la mtu?

Alhamisi, 6 Februari

Nywele! Sikuwa nimefikiria nywele. Sisi kina Probert tuna nywele nyekundu, mtu anakujua akiwa ng'ambo ya bonde. Nimenunua dawa ya viatu, nyeusi. Nitajipaka ndani ya treni.

Bwana Ackroyd aliniachia pia maelezo ya sheria zao. Kwetu ukiangushwa unauachia mpira papo hapo, la sivyo filimbi. Kwao unaukumbatia, unasimama nao, unauweka chini mbele yako, unamgusia mwenzako kwa kisigino. Nimefanya mazoezi na mto wa kulalia. Mama akauliza kutoka chini napigana na nani huko juu. Nikasema naomba dua.

Sijala.

Jumamosi, 8 Februari. Kwenye treni.

Mimi ni mzima. Jicho moja linaona.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na wanaume kumi na wawili na kwa ujumla meno machache. Wakanikaribisha. Karibu Fulani, kaa Fulani, chai ile pale Fulani. Hakuna aliyeniuliza habari za Baba. Nilijisikia mwepesi, nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Furaha ikadumu hadi filimbi.

Mpira wa kwanza nikapewa, nikaangushwa, nikauachia. Kwa adabu kabisa! Nimefundishwa hivyo tangu nikiwa na miaka sita. Jamaa wa upande wa pili akauokota bila kuamini bahati yake, akakimbia, akafunga. Mara ya pili, vilevile. Watu jukwaani wakanitukana matusi ambayo mengine nitayauliza maana yake siku moja. Nahodha, jitu moja linaitwa Horace, akanishika ukosi wa jezi hadi vidole vyangu vya miguu vikaagana na nyasi. Akaniuliza kwetu kila mtu ana mikono yake au tunaazimana. Akasema nikiuachia tena, ataniangusha yeye mwenyewe. Alisema kwa upole. Upole ule ndio ulionimaliza.

Basi sikuuachia tena. Naanguka, nakumbatia, nasimama, naweka, kisigino. Naanguka, nakumbatia, nasimama, naweka, kisigino! Hofu mwalimu wangu. Halafu kipindi cha pili nikaukuta mpira mkononi katikati ya uwanja, na nyuma yangu jitu jingine likinikimbiza huku linahema. Sikumpiga mtu chenga. Nilitoroka tu. Niliposimama nikakuta nimevuka mstari na nimefunga.

Kipaza sauti kikatangaza: amefunga Fulani. Halikuwa jina langu, lakini la Baba pia halikuwa. Ningependa watangaze tena.

Kisha mvua ikanyesha na dawa ya viatu ikaanza safari. Mwamuzi akasimamisha mchezo, akaniuliza kwa hofu kama naumwa kichwa.

Bwana Ackroyd anasema mkataba upo mezani, nimjibu wiki hii.

Jumapili, 9 Februari

Baba kauliza paja. Nikasema limepona. Kauliza na jicho je, nalo ni la mtaalamu? Nikasema mtaalamu ana mkono mzito. Akanitazama muda mrefu kuliko ninavyopenda kutazamwa.

Mama aliiona foronya imekuwa nyeusi. Akaangalia kichwa changu. Akaichukua akaenda kuifua. Jumapili! Mama hajawahi kulowesha hata kitambaa siku ya Jumapili, majirani wangemsema hadi Krismasi. Akaianika ndani, mapazia yamefungwa. Yaani anajua. Au anajua nusu.

Kanisani Cledwyn kakaa nyuma yangu. Katikati ya wimbo akaninong'oneza kama Shrewsbury siku hizi inanyesha masizi, maana masikio yangu yamejaa. Nikaimba kwa nguvu. Sikumbuki nilichoimba. Mchungaji alinipongeza.

Jumanne, 11 Februari, asubuhi

Nimeamua. Siendi. Usiku kucha nimeiona picha yangu imegeuka, nami nimesimama dirishani na Hopkin, mvua inaingia kwenye bia. Siwezi. Leo jioni nafanya mazoezi kama kawaida, kesho namwandikia Bwana Ackroyd kwamba hapana, asante. Hakuna anayejua chochote. Nimepona! Nimekula mayai matatu.

Jumanne hiyohiyo, jioni

Nimekwisha.

Uwanja wa klabu, timu nzima, kamati nzima pembeni na makoti yao, Baba katikati. Nilikuwa nacheza vizuri. Nikapewa mpira, Cledwyn akanivaa, nikaanguka.

Nikaukumbatia. Nikasimama. Nikauweka chini mbele yangu. Nikaugusa kwa kisigino, safi, sawasawa kabisa.

Mpira ukabingirika peke yake. Hakuna aliyeufuata. Wote walinitazama kama mtu aliyevua suruali kanisani, maana kila mwanamume pale anajua ni wapi duniani mtu hufanya vile akiangushwa. Hata Cledwyn hakucheka. Cledwyn asipocheka, ujue mambo ni mazito.

Nikasema ni mzaha. Nikasema nimeona kwenye televisheni. Hatuna televisheni. Baba akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Akaondoka kwa miguu, na gari akaliacha.

Jumatano, 12 Februari

Siku nzima Baba alikaa jikoni. Alikunywa chai, akasoma gazeti moja ukurasa mmoja. Mama alivunja sahani mbili. Mimi nilikaa chumbani nikisikiliza ngazi.

Saa moja ngazi zikalia. Aliusukuma mlango, kiti changu kikaenda chini, akakaa kitandani kwangu. Sijawahi kuogopa hivyo, hata kwa Horace. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige, yaishe.

Akauliza walinichezesha wapi. Nikasema pembeni.

Akaruka. Pembeni! Mtoto wa Idwal Probert wanamtupa pembeni! Wamelogwa? Hawana macho? Akazunguka chumba mara kadhaa, chumba chenyewe hatua mbili. Kisha akapoa, akauliza kama walijua mimi ni nani. Nikasema hapana. Hakuna hata mmoja? Hakuna, Baba.

Akauliza kama nilifunga. Nikasema mara moja. Kutoka wapi? Katikati ya uwanja. Akatikisa kichwa polepole. Akasema basi bao lile ni lako, mwanangu, mimi simo.

Kisha akaniambia yanayofuata, akiwa anatazama ukuta. Kamati inakaa kesho. Nitafungiwa maisha, na sahihi itakuwa yake. Picha yangu ataigeuza mwenyewe, hataki mkono wa mtu mwingine juu yake. Nisithubutu kumtumia tiketi, maana miguu yake haitakanyaga uwanja ule hadi anazikwa. Na nisimtumie magazeti ya huko. Akasema atayanunua mwenyewe.

Akatoka. Nililia. Alilia pia, nilimsikia ngazini: alikuwa anajifanya anakohoa.

Jumatatu, 24 Februari. Harthwaite.

Nimesaini. Niko huku. Hakuna anayemjua Baba. Wote wananiita Emrys. Emrys kaa benchi. Emrys leta maji. Emrys sogea, unaziba mlango. Jumamosi iliyopita sikugusa mpira hata ulipotoka nje. Horace kasema mkataba wangu una kipengele cha kunirudisha nisipofaa. Kurudi wapi? Kule dirishani?

Leo asubuhi hofu ikanizidi, nikamvaa kocha. Nikamwuliza kama anajua mimi ni mtoto wa nani. Nikasema: Idwal Probert!

Akasema Idwal nani?

Idwal NANI! Damu ilinichemka. Nikamweleza. Nikamweleza Waingereza watano, mmoja mmoja, kila mmoja alivyoanguka. Nilisogeza viti. Nilicheza nafasi ya Baba mwenyewe, mlangoni hadi dirishani, na chai ya kocha ikapoa. Mwenyekiti wa klabu aliyekuwa anapita akasimama kusikiliza. Akasema hiyo ni biashara! Kwa nini hukusema? Akauliza kama mzee mwenyewe atakuja Jumamosi akae jukwaa la heshima, apunge mkono kidogo.

Mdomo wangu ukasema ndiyo, bila shaka.

Sasa nacheza Jumamosi, tangu mwanzo. Kufika jioni mabango yalishabandikwa mji mzima. MTOTO WA IDWAL PROBERT, herufi ndefu kuliko mkono, NA BABA MWENYEWE ATAKUWEPO. Jina Emrys lipo chini, ukiinama unaliona. Asipokuja, mwenyekiti atanila nyama. Akija na kukuta amedanganywa, atanila yeye.

Lakini nimepata njia, na safari hii haina tundu. Baba hawezi kuja kwenye raga. Hawezi pia kukosa harusi kanisani. Nimemwandikia kwamba naoa Jumamosi asubuhi, hapa hapa, aje na Mama na suti nyeusi. Kanisa limepakana na uwanja. Nitajua namna ya kumvusha.

Barua nimeitumbukiza posta mbio, kabla hofu haijanikamata. Sasa imenikamata. Kesho itafika. Mama ataanza kuoka keki, na mtaa mzima utajua kabla tanuri halijapata moto.

Bibi harusi sina. Kesho asubuhi naanza na yule binti wa duka la samaki na chipsi. Juzi aliniongezea kipande bila kuombwa, na hilo lazima lina maana yake.